Nimetoka jela, naruhusiwa kupiga kura?

Barua nyingi zimekuja tangu tuandike habari za daftari la wapiga kura, leo nachukua tatu zinazogusa watu waliofungwa maana naona hapa ndipo uongo wa mtaani umekaa sana.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 34, niko Kahama. Mwaka 2019 nilipigwa mvua nne kwa kesi ya kuvunja duka, nikatoka kwa msamaha wa rais kabla sijamaliza zote. Walipokuja kuandikisha watu hapa kwetu nikaenda nikapanga foleni vizuri tu, nakaribia meza wakala mmoja wa chama akaniangalia akasema kwa sauti, huyu si alikuwa ndani huyu, huyu haandikishwi. Watu wote wakageuka. Mwandishi wala hakusema kitu, akawa bize na mashine yake, mimi nikaona aibu nikatoka kwenye mstari nikaenda zangu kazini. Mke wangu anasema nirudi, washkaji wanasema ukishanyea debe haki ya kura imekwisha mpaka unakufa. Ukweli ni upi? Na je, siku nikitaka kugombea uenyekiti wa mtaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mke wako yuko sahihi, rudi. Katiba yetu ibara ya 5 inasema kila raia aliyefikisha miaka 18 ana haki ya kupiga kura, halafu inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kuwazuia watu wachache, mmojawapo ni mtu aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Na sheria ya uchaguzi ya zamani, ile sura ya 343, ilivyotumia ruhusa hiyo ilimzuia mtu ALIYE chini ya adhabu ya kifo au anayetumikia kifungo kinachozidi miezi sita. Anayetumikia. Sio aliyetumikia akatoka. Siku ulipovuka geti la gereza na karatasi yako mkononi kizuizi kile kilibaki kulekule ndani, na kutoka kwa msamaha hakubadilishi kitu, kifungo kimeisha kimeisha. Anayebaki na shida hata akiwa uraiani ni yule aliyetiwa hatiani kwa makosa ya uchaguzi wenyewe, rushwa ya kura na mambo kama hayo, wale wana adhabu yao ya kukaa nje ya daftari kwa muda. Wewe ulivunja duka, hukuvunja uchaguzi.

Sasa huyo wakala. Wakala wa chama pale kituoni yupo kuangalia zoezi linavyokwenda, hana mamlaka ya kumtoa mtu kwenye foleni wala kumjibia mwandishi. Kama anaamini huna sifa kuna njia yake, daftari la awali likibandikwa anaweka pingamizi kwa maandishi na kutoa sababu, wewe unaitwa unajibu, na usiporidhika na uamuzi unakwenda mahakama ya wilaya. Hiyo ndiyo njia, na mwandishi alitakiwa kumwambia hivyo palepale badala ya kuinamia mashine. Mimi jambo hili linaniuma kweli, maana kwenye sheria huyu kijana hajanyimwa chochote lakini kura yake imepotea hivihivi kwa sentensi moja ya mtu mwenye mdomo, na wako wangapi kama yeye ambao hata foleni hawakuisogelea?

Daftari likifunguliwa tena nenda. Wakikuuliza habari za jela jibu kwa heshima kwamba kifungo kimeisha, na kama karatasi ya kuachiwa unayo iweke mfukoni, si lazima uionyeshe ila inafunga midomo. Na usichanganye madaftari, uchaguzi wa serikali za mitaa kama ule wa Novemba 2024 una orodha yake inayoandikwa mtaani kwenu chini ya TAMISEMI, ile wizara ya serikali za mitaa, kuwa na kadi ya Tume ya Uchaguzi hakukuingizi kwenye ile, unajiandikisha upya.

Kugombea ni habari nyingine. Kwa ubunge, ibara ya 67 inawabana waliofungwa kwa makosa ya kukosa uaminifu, na kuvunja duka kumo humo. Uenyekiti wa mtaa una kanuni zake ambazo TAMISEMI huzitoa uchaguzi unapokaribia, zisome hizo kabla hujachukua fomu.

SWALI: Mama habari za kazi. Mimi nina duka la vipuri Mbeya, nimeshaibiwa mara mbili na mmoja wa walioniibia alikamatwa akafungwa. Kuna watu wanasema hata wafungwa walioko ndani waruhusiwe kupiga kura. Hivi ni haki kweli kura ya mwizi ihesabiwe sawa na yangu mimi ninayelipa kodi na kutii sheria? Kwani adhabu maana yake nini sasa?

JIBU: Salama baba, na pole sana kwa hasara, mali ya dukani ni jasho la mtu. Sitakwambia huna haki ya kukasirika. Ila nikuulize, yule aliyekuibia hakimu alimhukumu nini? Alihukumiwa miaka kadhaa jela. Hakimu hakusema na kura yako nayo naichukua. Hiyo ni adhabu ya pili aliyoongezewa na sheria nyingine, bila mtu yeyote kusimama mahakamani kueleza inahusiana vipi na wizi wa vipuri.

Halafu angalia kipimo chenyewe. Katiba inataja makosa, sheria ikaenda kuhesabu miezi. Ofisa aliyekula mamilioni ya halmashauri akapigwa faini akalipa, anatoka mahakamani na kura yake mkononi, yule dogo aliyeiba baiskeli akapewa miezi minane bila faini anaikosa. Kama kweli tunataka kulinda uchaguzi dhidi ya watu wabaya, hapo tumemkamata nani? Tito Magoti na mwenzake John Tulla walipeleka suala hili Mahakama Kuu, na Desemba 2022 majaji wakasema kifungu kile cha miezi sita kinakwenda kinyume na Katiba. Mimi nilifurahi nikadhani limekwisha. Halikwisha, maana ikaja sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024, na Tume ilipozindua uboreshaji wa daftari kule Kigoma Julai 2024 ilitangaza kuandikisha magerezani mahabusu na wafungwa wenye vifungo vya chini ya miezi sita. Ni hatua kubwa, ikawekwa vituo 130 kwenye magereza ya Bara na 10 kwenye vyuo vya mafunzo Zanzibar, ndivyo magereza yanavyoitwa kule, zamani hata mahabusu ambaye hajahukumiwa chochote alikosa kura kwa sababu tu hapakuwa na kituo. Lakini ile miezi sita umeiona imerudi mlango uleule.

Jirani zetu Kenya walishapita hapo. Kura ya maoni ya Agosti 2010 wafungwa walipiga, mahakama ilishaamua, na Katiba iliyopitishwa siku ile haimzuii mfungwa kwa sababu ya kufungwa, inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka mitano iliyopita, basi. Mwaka 2017 wakapiga kura ya rais kwa mara ya kwanza, na 2022 tena, ya rais tu, maana mtu yuko gerezani Kamiti kwao ni Kisii utampa mbunge wa wapi. Afrika Kusini ndiyo usiseme, Mahakama ya Katiba ilishamaliza mjadala 1999 na tena 2004. Nchi hizo hazijakabidhiwa kwa majambazi.

Ninachokiogopa mimi ni kura kuwa kitu cha kupewa mwenye tabia nzuri. Ukishakubali hivyo, kesho mwenye madaraka ndiye anayepima tabia. Tazama Florida kule Marekani, wananchi wenyewe Novemba 2018 walipitisha kwa karibu asilimia 65 kwamba aliyemaliza kifungo arudishiwe kura, isipokuwa wa mauaji na makosa ya ngono, ni watu kama milioni 1.4, halafu mwaka uliofuata tu bunge la jimbo likaongeza kwamba sharti kwanza amalize faini na gharama zote za mahakama. Sasa mtu katoka jela hana kazi, kura yake imefungiwa kwenye deni.

Na baba, wafungwa wana mambo ya kumwambia mbunge. Msongamano, chakula, kesi inayopigwa kalenda mwaka mzima upelelezi haujakamilika. Nani mwingine atayasema hayo kama hawahesabiwi? Mimi msimamo wangu ni huo, akae jela alipe alichofanya, na siku ya kura apige. Wewe ukiendelea kukataa tutabaki tunasalimiana vizuri tu, niandikie tena.

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu alikuwa mahabusu akaandikishwa hukohuko gerezani, sasa dhamana imekubaliwa yuko nyumbani Temeke. Kadi anayo. Atapiga kura wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa dhamana. Jina lake liko kwenye kituo alichoandikishwa kwa hiyo kadi peke yake Temeke haitoshi, anatakiwa ahamishe taarifa. Daftari likiwa wazi anaweza kuanza kwenye simu kupitia mfumo wa Tume wa mtandaoni halafu amalizie kituo cha kata mnakoishi, au aende moja kwa moja na kadi yake. Haulizwi kesi imefikia wapi. Akishahamisha, siku yanapobandikwa majina mwende wote wawili mkaangalie kama lipo na kama limeandikwa sawa, likikosekana mseme siku hiyohiyo kwa ofisa mwandikishaji, msingoje wiki ya uchaguzi.