Majibu kwa wakata miti: kamba, nyaya za umeme na fidia

Mwezi huu barua kadhaa zimetoka kwa mafundi wanaokata miti kwenye makazi ya watu, na kwa wenye nyumba wanaowaita. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninakata miti mjini Jinja. Chensoo yangu ni nzuri, lakini ninapanda kwa kamba ya plastiki niliyoinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tena ninajifunga mara moja tu kiunoni. Nina akiba ya kununua kifaa kimoja. Nianze na suruali ya kukinga miguu au mkanda wa kupandia? – Fundi, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, kwa kuwa kazi yako ni ya juu, anza na mkanda wa kupandia pamoja na kamba yake, kwa maana mkanda bila kamba ya maana ni pesa iliyotupwa. Ungekuwa fundi wa chini, anayekatakata matawi yaliyokwisha kuanguka, ningekujibu kinyume chake, kwa sababu mtu wa chini hukatwa zaidi miguuni.

Kamba uliyonayo haikutengenezwa kubeba mtu. Plastiki ya namna hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi, na kamba inaposuguana na gamba la mti au na kamba nyenzake huku imebeba uzito wako, joto hupanda upesi kuliko unavyodhani. Zaidi ya hayo, jua huidhoofisha hata ikiwa imening'inia tu ukutani. Tafuta kamba ya kupandia yenye kiini ndani na ala ya nje iliyofumwa, yenye alama ya EN 1891 aina ya A, yaani kiwango cha Ulaya cha kamba za kubeba mtu. Kila asubuhi ipitishe yote mkononi, ukiikunja kidogo kidogo: pakiwa pagumu, pamebapa, panang'aa kama pameungua au pamenyauka kuliko sehemu nyingine, kamba hiyo haipandiwi tena. Usiigeuze kuwa ya kushushia magogo kisha kesho uipandie.

Mkanda wenyewe uwe na vitanzi vya mapaja. Mkanda wa kiunoni peke yake humbana tumbo na mbavu mtu aliyening'inia, na anaweza kushindwa kupumua kabla wenzake hawajamfikia. Chensoo inapowaka ukiwa juu, uwe umefungwa mahali pawili: kamba kuu inayotoka juu yako, na kamba fupi inayozunguka shina. Sababu ni rahisi: mkono unaoshika chensoo uko hatua moja tu kutoka kwenye kamba, na cheni ikiigusa haichagui. Hiyo fupi ni bora iwe na waya wa chuma ndani, si kwa sababu haikatiki, bali kwa sababu inakupa nafasi ya kuondoa chensoo kabla haijakatika. Na chensoo ishikwe kwa mikono miwili. Najua mafundi wengi hulikata tawi kwa mkono mmoja huku mwingine umelishika lile tawi. Ndivyo vidole vya mkono wa kushoto vinavyopotea.

Kofia ngumu yenye kamba ya kidevuni usiiahirishe, maana isiyo na kamba huanguka kabla yako. Akiba ikijaa tena, nunua suruali. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu ambazo cheni huzivuta zikaziba gurudumu linaloizungusha, na mashine ikasimama. Daraja la 1 la suruali hizi limepimwa kwa mwendo wa cheni wa mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa mita 24 na la 3 kwa mita 28, kwa hiyo mashine yenye mwendo mkubwa zaidi inaweza kupenya. Kwa mpandaji, aina ya C inayokinga mguu pande zote inafaa kuliko aina ya A inayokinga mbele tu. Isifuliwe kwa jiki, na ikikatwa mara moja isishonwe.

SWALI: Tawi la mfenesi wa jirani limelalia paa langu na linagusa nyaya zinazoingia nyumbani. Kijana mmoja amesema atalikata kwa panga iliyofungwa kwenye mwanzi nikimlipa leo. Je, nina haki ya kulikata? – Mama wa nyumbani, Mbale

JIBU: Mama, haki unayo, lakini kijana huyo usimruhusu. Kwa kanuni ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, ambayo mahakama za Uganda nazo huitumia, matawi yaliyovuka mpaka unaweza kuyakata mpaka kwenye mstari wa mpaka, bila kuingia kwenye kiwanja cha jirani. Mti na matunda yake bado ni vya jirani, hivyo mwambie kwanza na umrudishie mafenesi yake.

Umeme ndilo jambo zito. Tawi bichi lina maji na hupitisha umeme, na mwanzi uliolowa mvua hupitisha vilevile. Ikiwa juu ya nyaya za nyumbani kuna laini ya volti 11,000 au 33,000, mtu hahitaji hata kuigusa, kwa kuwa umeme huo huruka hewani kumfikia. Usambazaji wa umeme uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, tangu Aprili 2025, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika. Waarifu wazime laini kwanza, na fundi asianze mpaka wao wenyewe wamethibitisha kuwa imezimwa. Fundi wetu wa Jinja naye azingatie hili: kamba fupi yenye waya wa chuma haikaribishwi kamwe penye nyaya.

SWALI: Nina vibarua watano Kampala, hatujaandikiana mkataba. Mmoja alianguka kutoka kwenye mvule, na madaktari wanasema hatafanya kazi tena. Alikuwa amefungua mkanda mwenyewe. Je, nadaiwa? Na vibali vya kukata miti na kusafirisha mbao naviulizia wapi? – Mkandarasi, Kampala

JIBU: Ndiyo, ndugu, unadaiwa, na ni vyema ulijue hilo kabla ya kupokea barua ya wakili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inautambua mkataba wa mdomo sawasawa na wa maandishi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haimwachi mwajiri kwa kusema kuwa aliyeumia alizembea. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, fidia yake ni mapato ya miezi 60; hesabu ujira anaoupata kwa mwezi, uzidishe. Sheria hiyohiyo inakutaka uwe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wako. Kama ulikuwa nayo, wajulishe wenye bima leo; kama hukuwa nayo, toa taarifa kwa ofisi ya kazi na umtafute wakili, wala usimsainishe majeruhi karatasi ya kupokea kidogo ili anyamaze. Vifaa vya kujikinga navyo ni wajibu wako chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na huruhusiwi kuwakata ujira kwa ajili yake.

Uliuliza pia kuhusu vibali. Miti ya kando ya barabara jijini iulizie KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala; ya hifadhi kuu za misitu iko chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, na ya hifadhi za mitaa chini ya wilaya. Mbao za mvule uliokatwa kihalali uani bado zinahitaji hati ya kuzisafirisha kutoka kwa afisa misitu wa wilaya. Na kabla hujapanda, andikiana na mwenye nyumba ni nani atalipa bati likivunjika, kwa kuwa jambo hilo lisipoandikwa, utalipa wewe.

SWALI: Naweza kutumia oili chafu ya gari kulainisha cheni? – Fundi, Kasese

JIBU: Wengi hufanya hivyo, nami sikushauri. Oili hiyo ina chembe za chuma zinazomaliza pampu ya mashine, na cheni huirusha usoni na mikononi mwako siku nzima. Ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Kama ya cheni haipatikani, tumia oili safi ya injini, ukiongeza kila unapojaza petroli.