Fundi Anajibu: Nyundo ya mbao isiyochomoka kichwa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanagenzi wa useremala. Nilijitengenezea nyundo ya mbao ya kugongea patasi. Nilitoboa tundu la duara kwenye kipande cha mbao, nikachomeka mpini, nikapigilia msumari wa kuuzuia. Haikuchukua muda kichwa kikaanza kucheza. Nikaongeza gundi na kabari, na sasa kichwa kimepasuka katikati. Mwenzangu anasema nitafute mbao ngumu zaidi. Je, tatizo ni mbao kweli? Na kwa nini nisitumie tu nyundo ya chuma, yaishe?
Mwanagenzi

JIBU: Marahaba, mwanagenzi.

Nianze na la mwisho maana ni jepesi. Nyundo ya chuma ina uso mdogo na mgumu. Ukigongea patasi yenye mpini wa mti, kichwa cha mpini hufumuka nyuzi kama mswaki wa mti, na siku moja unapasuka. Tena uso ukiwa mdogo inabidi uutazame ili usikose shabaha. Nyundo ya mbao ina uso mpana kama kiganja, kwa hiyo macho yako yanabaki kwenye makali ya patasi, ambako kazi ndiko iliko.

Sasa mwenzako. Mbao ngumu ni nzuri, simpingi, lakini hata ungetumia mpingo, kwa namna ulivyoifunga ingepasuka vilevile. Mbao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Kila aliyewahi kupasua kuni anajua hilo. Kabari uliyoipiga bila shaka ilitanua mpini kuelekea ubavuni, ikazitenganisha nyuzi za kichwa. Yaani ulikuwa unapasua kuni pole pole. Na msumari nao haukusaidia: kila pigo linapotua, chuma kinatikisika ndani ya mbao na kujichimbia nafasi.

Nyundo ya seremala haihitaji msumari, wala gundi, wala kabari. Inahitaji tundu la pembe nne ambalo juu ni pana kuliko chini, na mpini uliochongwa vivyo hivyo. Mpini unaingilia juu: unatanguliza upande wa kushikia, unaupitisha wote chini, mpaka sehemu yake pana ikwame ndani ya kichwa. Ukirusha mkono, kichwa kinavutwa kwenda mbali nawe, na huko mbali ndiko mpini unakozidi kuwa mpana. Kadiri unavyogonga ndivyo kinavyojikaza.

Chukua vipimo hivi kama pa kuanzia. Kichwa kiwe na urefu wa sentimita 15 kutoka uso hadi uso, kimo sentimita 10, unene sentimita 6 na nusu. Kwa mbao ngumu ya kawaida kitakuwa na uzito kama gramu 650 hivi, unaotosha kuchimba tundu la fremu bila kuuchosha mkono. Nyuzi lazima zilale kwa urefu, kutoka uso hadi uso, ili unapogonga upige pale nyuzi zinapokomea. Ukigongea ubavu wa nyuzi, mbao inabonyea na kumenyeka.

Tundu lipite kutoka juu hadi chini, katikati kabisa. Upana wake, ule unaokatisha nyuzi, uwe milimita 25 juu na 25 chini, bila kutofautiana hata unywele. Urefu wake, ule unaofuata nyuzi, ndio unaobadilika: milimita 40 juu, 34 chini. Hapa nakuomba usome mara mbili. Mkazo wote unatakiwa ubebwe na kuta mbili zinazotazama nyuso za kugongea, kwa kuwa nyuma ya kila ukuta huo kuna mbao ndefu, na nyuzi zinasukumwa kwa urefu wake. Kuta za ubavuni ziuguse mpini tu. Ukizifanya nazo zibane, kichwa kitakwenda njia ya kile cha kwanza.

Kabla ya kutoboa, zungushia mistari ya penseli kwa skwea ili tundu la juu na la chini yawe kwenye mstari mmoja. Toboa kwa keekee kutoka pande zote mbili, mkutane katikati, kisha nyoosha kuta kwa patasi kali. Weka rula ndani kila mara. Ukuta ukiwa na bonde dogo katikati, hakuna neno. Ukiwa na kilima, mpini utaegemea kilima hicho na kuyumba huku na huku, hata kama kwa nje unaonekana umebana. Kuna njia ya kukigundua: paka risasi ya penseli kwenye mpini, uusukume ndani, uutoe. Palipochafuka mle tunduni ndipo pa kukwangua. Rudia hadi alama zienee ukuta mzima. Kazi hii haina haraka, na ndiyo nyundo yenyewe. Mengine yote ni mapambo.

Mpini uchonge kutoka mbao ya unene wa milimita 25 yenye nyuzi zilizonyooka mwanzo hadi mwisho, isiyo na fundo. Urefu sentimita 35 unatosha. Sehemu ya kushikia isizidi milimita 34, la sivyo haitapita. Acha sentimita moja au moja na nusu ichomoze juu ya kichwa. Mbao hunywea hali ya hewa inapokauka, na kichwa kikilegea utagonga juu ya mpini mara moja, kikaze tena. Ukitaka kuutoa, shika kichwa na ugonge kitako cha mpini.

Nyuso nazo usizikate wima. Mkono unapogonga unazunguka kwenye kiwiko, kwa hiyo uso uliokatwa wima utagusa patasi kwa ukingo mmoja tu. Kata kila uso uingie ndani kuelekea chini kwa milimita 5 hadi 8, ili kichwa kiwe kirefu juu kuliko chini. Halafu piga randa kingo zote ziwe butu. Ukingo mkali wa mbao hubanduka vipande siku ya kwanza tu.

SWALI: Fundi, nimepata gogo la mti mgumu lililokatwa juzi. Naweza kulitumia hivyo hivyo?
Msomaji

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Gogo bichi likikauka linanywea zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea katikati, ndiyo maana hupata nyufa zinazoanzia nje kwenda moyoni. Lipasue kwanza, utupe kipande chenye moyo wa mti, paka nta au rangi kwenye ncha mbili ili maji yasitokee huko haraka, kisha liache kivulini penye hewa. Mafundi huhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene. Ni muda mrefu, najua.

Asiye na subira achukue mbao kavu nyembamba na kugandisha matabaka matatu kwa gundi ya mbao. Tabaka la kati liwe vipande viwili vilivyoachana, vimekatwa kwa mshazari uleule wa mpini, na nafasi inayobaki ndiyo tundu. Hakuna kutoboa wala kuchimba. Tumia mpini kupimia nafasi wakati wa kubana, lakini uupake nta na uutoe kabla gundi haijashika, usije ukawa umejifungia. Binafsi napenda kichwa cha kipande kimoja. Hata hivyo cha matabaka kina nguvu ya kutosha, na anayeanza nitamshauri hicho.

SWALI: Yangu imekamilika, inapendeza. Nipake vanishi?
Mama mwenye karakana

JIBU: Hongera mama. Vanishi hapana: mpini utateleza mkono ukitoka jasho, na usoni itabanduka magamba. Sugua msasa laini, paka mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, subiri robo saa, futa yaliyobaki. Nyuso za kugongea ziache kavu. Kile kitambaa usikikunje ukakitupa kwenye pipa la maranda. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichosongamana kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje mpaka kikauke kigumu, ndipo ukitupe.