Pedi ya joto iwe juu ya vifaranga, si chini

Ndugu, umeuliza kama pedi ya joto, ile bapa ya umeme ya kupashia mwili, uifukie chini ya maranda ili kuwapa vifaranga joto. Usifanye hivyo: joto halipati pa kutokea, pedi huzidi moto na maranda makavu yanaweza kuwaka. Kunja wavu mgumu uwe upinde, ivishe pedi foronya nyembamba, uifunge kwa ndani. Mgongo wa kifaranga aliyesimama uiguse. Upande wa nyuma wa upinde uwe chini kidogo. Uinue kadiri wanavyokua.

Kabla ya yote, angalia kama pedi inajizima yenyewe. Nyingi hujizima baada ya saa 2, na hapo ndipo watu hupoteza vifaranga usiku. Wakirundikana wakilia, shusha upinde; wakihema midomo wazi, punguza joto. Waya wa umeme uwe mbali na maji.