Rivolva ya kwanza: mimi nilichagua kwa macho, kidole gumba ndiyo kikalipa

Wiki jana kijana mmoja wa Kasese, kule magharibi ya Uganda, ameniandikia inboksi, ananiita afande (sijawahi kuwa afande wa mtu yeyote ila jina nimelipenda), anasema leseni yake imekaribia kutoka na anatafuta rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya kwanza, ndogo, ya kubeba chini ya shati akiwa mjini na hiyo hiyo apande nayo mlima Rwenzori. Mwisho akaandika "nishauri kama mdogo wako". Nikaangalia kidole gumba changu cha kushoto, kina kovu la ukubwa wa punje ya mahindi, nikasema huyu mdogo wangu anataka kupita pale pale nilipopita mimi.

Basi nieleze. Nimekaa Iraq miaka 3 nikilinda mageti, kama vijana wengi wa huku walivyoenda miaka ile. AK nilikuwa nalala nayo, Glock pia, bastola isiyo na silinda, nimeshika zamu kadhaa. Niliporudi Mbale, huku mashariki, nikaingia kwenye kahawa, nanunua kwa wakulima upande wa Sironko, na msimu wa kahawa wewe unajua mwenyewe, mkulima anataka keshi mkononi, kwa hiyo unapanda boda asubuhi na mfuko wa pesa mgongoni na kila mtu njiani anajua umebeba nini. Ndiyo nikaomba leseni. Hiyo safari ya leseni siirefushi, unaanzia kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, unapanda ofisi moja baada ya nyingine mpaka Naguru, makao makuu ya polisi, inachosha, lakini ukiwa na sababu ya kweli na subira unafika.

Siku ya kununua, mzee wa duka kule Kampala akaniwekea mbili mezani. Moja Ruger SP101, chuma tupu, gramu mia saba na kitu. Nyingine Ruger LCR ya .357 Magnum, yaani ya risasi zile kali, fremu yake nusu ni plastiki ngumu, haifiki hata gramu 500. Zote zinabeba risasi 5. Nikaishika ile nyepesi nikaona kama nimeshika simu, nikaiweka mfukoni pale pale dukani nikajitazama kwenye kioo cha kabati, banange, haionekani kabisa! Mzee akaniambia polepole, "Mheshimiwa, hiyo nyepesi inapiga mbele na nyuma." Mimi nikajua anataka kuniuzia ile nzito kwa sababu imemkalia dukani muda mrefu. Mtu aliyetoka Iraq ataambiwa nini kuhusu bastola?

Jumamosi nikaenda kwenye shabaha. Nikajaza .357 zote tano, si kwenye boksi imeandikwa magnum, nikashika kama tulivyofundishwa Glock, vidole gumba vyote viwili vimelala mbele, nikavuta. Sasa kitu ambacho hakuna mtu aliniambia, au labda niliambiwa sikusikia, ni kwamba rivolva ina upenyo mdogo kati ya silinda na mtutu, na kila ukipiga, gesi ya moto inatoka hapo pembeni kama mvuke wa presha kuka, ila yenyewe inakata. Kidole changu kilikuwa kimekaa hapo hapo. Moto wa mbele ukawa mkubwa kama wa kuwashia nyama choma, maana mtutu wa inchi mbili kasoro ni mfupi, sehemu ya baruti inaungulia nje, unapata kelele na mwanga kuliko nguvu. Mkono ukaruka mpaka karibu na kofia. Nikapiga zote tano kwa kiburi, mbili zikaingia kwenye karatasi, tatu ziko huko Uganda sijui wilaya gani. Damu ikaanza kudondoka kwenye kiatu. Instrakta akanifunga kitambaa akicheka, na tangu siku hiyo pale wananiita Baghdad. Nikipita hata wauza chapati wananisalimia Baghdad, na mimi najifanya nacheka pia.

Lakini aibu ya kidole si ndiyo aibu yenyewe. Aibu yenyewe ni kwamba baada ya hapo nilikaa na ile bastola karibu miezi minane bila kupiga risasi hata moja. Naibeba, nakwenda nayo Sironko, narudi, naifungia kwenye sefu, na moyoni najua siku ya siku nitafumba macho kabla ya kuvuta. Bastola unayoiogopa wewe kuliko mwizi, hiyo unamlindia nani?

Kwa hiyo kijana wangu wa Kasese, la kwanza na la pili na la tatu ni hili: usichague kwa mfuko, chagua kwa mkono. Iombe uishike tupu, hakikisha iko tupu kweli, silinda nje, angalia matundu yote, halafu vuta triga mpaka mwisho mara ishirini. Triga ya rivolva kwa mvuto mrefu inaweza kutaka kilo 5 hivi, ni kama kuinua jerikani ya lita tano kwa kidole kimoja. Ikikushinda dukani itakushinda njiani. Chukua chuma, uzito unameza mshtuko. Na usidanganywe na neno magnum, bastola ya .357 inapiga pia .38 Special, risasi ya upole zaidi, bila shida yoyote (kinyume chake hapana, ya .38 usiiwekee .357), kwa hiyo unanunua ya .357 nzito unaifanyia mazoezi na .38 na mkono unabaki mzima. Zile nyepesi sana ukizipa magnum, mshtuko wenyewe unaweza kuivuta risasi iliyobaki ndani itokeze kwenye ganda lake na silinda ikagoma kuzunguka. Hebu fikiria hiyo usiku barabarani.

Ya mjini chagua ile ambayo nyundo yake (kile kipande cha nyuma kinachogonga) imefichwa ndani, ile ya nje inanasa kwenye shati wakati unachomoa. Na holsta, ala ya bastola! Watu wanamaliza pesa zote kwenye bastola halafu holsta wananunua ya kitambaa laini kama soksi. Holsta ifunike triga yote na mkanda uwe mgumu. Mimi nilijifunza hili kwenye imbalu ya 2024, mwaka wa tohara kwetu, nyumbani kwa mjomba wangu, ngoma zinapigwa, wakaniita nisaidie kushusha sufuria kubwa ya malewa, machipukizi ya mianzi, jikoni. Nimeinama tu, shati likapanda, holsta ikapinduka na kitako cha bastola kikatokeza nje, na mbele yangu watoto kama sita wamekaa wanasubiri chakula. Mmoja akasema kwa sauti, "Anko ana bunduki!" Ngoma hazikunyamaza lakini jikoni palinyamaza. Mjomba akanishika mkono akanipeleka nyuma ya mgomba, hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, hapa kwangu nani adui yako?" Sikuwa na jibu. Nikaondoka nikaenda kuifungia nyumbani, nikarudi tohara imeisha. Mtoto wa dada yangu mpaka leo ananikumbusha kwamba sikumwona akisimama. Penye pombe na shughuli ya watu usiende nayo, na nyumbani iwe kwenye sefu, funguo usiiweke juu ya kabati ambapo kila mtoto wa Uganda anajua funguo zinawekwa.

Sasa habari ya mlima. Hapa ndugu yangu nitakukatisha tamaa. Ndani ya hifadhi za taifa huingii na silaha yako kienyeji, Rwenzori ni hivyo na Elgon kwetu ni hivyo. Mimi nilipopanda Wagagai, kilele cha juu cha Elgon, mita 4,321, niliuliza mapema kwa simu, nikaambiwa kiungwana niache nyumbani, tukapanda na askari wa wanyamapori mwenye AK yake na nilishukuru, maana kule juu asubuhi vidole vilikuwa vimekufa ganzi hata zipu ya jaketi nilifungiwa na mwenzangu. Ningejaza risasi tano ndogo ndogo na vidole gani? Hizo habari za rivolva ya kupandia mlima mnazisoma ni za Marekani, watu wa Alaska wanabeba .44 Magnum za mtutu mrefu kwa ajili ya dubu. Sisi dubu hatuna. Tuna nyati, na nyati wa kilo mia saba ukimpiga na .38 utakuwa umemwonyesha ulipo tu.

Nje ya hifadhi ni sawa, mimi natembea njia za mashambani chini ya mlima Wanale, hapa Mbale, alfajiri nikiwa nayo kihalali. Miaka yote hii kitu kilichonisumbua huko ni mbwa, na mbwa nimewamaliza kwa fimbo.

Leo nina SP101, nimerudi kwa mzee yule yule na uhamisho wote tumepitishia polisi, na hakusema "nilikuambia", aliniletea chai tu, ambayo iliuma zaidi. Kila jioni, bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, naweka sarafu ya shilingi mia juu ya mtutu, ile ya ng'ombe, navuta triga polepole, sarafu isianguke. Mwezi wa kwanza ilikuwa inaanguka kila mara. Risasi kwetu si karanga, mazoezi ya bure ndiyo hayo, fanya kila siku hata kama umechoka, hata kama mke anakucheka, vijana mnapenda kununua hampendi kujifunza, na hilo ndilo linalowaponza kwenye bastola, kwenye pikipiki, kwenye ndoa, kila mahali.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, ujumbe mrefu kuliko huu, usiku mzima. Asubuhi akajibu: "Asante sana afande. Sasa ile ndogo ya plastiki uliyoirudisha, unajua kama mzee bado anayo?"

Sijamjibu.