Roho Ikishauzwa: Kwa Mnaoanza Kuendesha Mchezo

Ukiendesha kampeni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na mwendeshaji husimulia yaliyobaki, kwa muda, itafika siku mchezaji mmoja atakutazama usoni na kukuambia, "Sawa, natia sahihi." Shetani amemwahidi uhai wa dada yake, au upanga, au njia ya kutoka shimoni, naye ameona bei ni nafuu. Nafuu kwa sababu gani? Tazama karatasi ya mhusika wake. Nguvu ina nambari, wepesi una nambari, dhahabu ina nambari. Roho haina. Ndiyo maana huuzwa upesi hivyo, tena na watu ambao wangebishana nusu saa juu ya bei ya kamba na mienge.

Wengi mnaoanza hapa Nairobi mnauliza namna ya kuirudisha. Swali ni zuri ila limechelewa. Njia ya kurudi hupangwa siku ile ile ya kuuza, na anayeipanga ni wewe mwendeshaji, kwa sababu mkataba unauandika wewe.

Kwanza tenganisha vitu viwili: roho iliyouzwa na roho iliyochukuliwa. Mhusika aliyetia sahihi bado anatembea, anakula, anapigana na kutaniana na wenzake. Deni huiva siku ya kifo. Hapo ndipo roho hushuka Nine Hells, zile jehanamu tisa ambazo Asmodeus huzitawala akiwa Nessus, tabaka la chini kabisa, na kwa kawaida huishia kuwa lemure, shetani wa daraja la mwisho asiyejijua wala kukumbuka alikotoka. Mashetani hawakusanyi roho kwa ukatili tu. Wana vita visivyoisha na mapepo wa Abyss, shimo la machafuko lisilo na sheria, na wanahitaji askari. Tena kwao roho ni pesa. Ukilielewa hilo, utajua shetani wako anataka nini na anaweza kukubali nini badala yake.

Tofauti hiyo hubadilisha kazi yote. Kabla ya kifo, kikundi kinahangaika na karatasi: kutafuta kosa, kuvunja mkataba, kujadiliana upya. Baada ya kifo, inabidi wafunge safari. Na hapa wachezaji wengi hushtuka, kwa hiyo tafuta kuhani wa kuwaambia mapema. Uchawi wa Raise Dead hutaka almasi ya thamani ya dhahabu 500, Resurrection 1,000, True Resurrection 25,000, na zote zinadai roho iwe huru na iwe imekubali kurudi. Roho iliyo mikononi mwa shetani si huru. Kuhani awe na almasi tele, maiti itabaki maiti.

Sasa mkataba wenyewe. Uandike kweli, uchapishe kwenye saiba ya mtaani kwa shilingi chache, uuweke mezani mchezaji aushike. Usiseme tu "umekubali masharti." Andika kwa lugha ile ya hati za kiapo: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote…" Watu watacheka, kisha wataanza kusoma kwa makini, na huko kusoma ndiko unakokutaka. Mashetani wa Nine Hells ni watu wa sheria. Hawavunji walichoandika, ila hawalazimiki kukuonyesha kilichofichwa katika aya ya 6. Mapepo wa Abyss hawana habari na mikataba, kwa hiyo usimpe pepo kalamu.

Waendeshaji wapya huandika vizuri nani anapewa nini na atalipa lini. Wanachosahau ni masharti yanayomfunga shetani. Mkataba unaobana upande mmoja tu hauna mlango. Lazima kuwe na jambo ambalo shetani ameahidi kulifanya au kutolifanya, jambo linaloweza kuchunguzwa, na ambalo yeye au mtumishi wake amelikiuka mahali fulani. Weka mianya miwili au mitatu. Mmoja uwe wazi kiasi cha kumtia moyo asiyependa kusoma.

Kwenye meza yetu ya Ngara yupo dada anayesoma sheria kule Parklands. Mkataba niliokuwa nimeuandaa ulidai mashahidi wawili walio huru, na jina la wa pili nilikuwa nimelipanda makusudi: mwenye duka la ngozi ambaye roho yake ilikuwa imeshauzwa miaka mingi nyuma. Nilitarajia walifumbue hilo mwishoni kabisa, katika maktaba ya shetani, baada ya vita. Dada alisoma ukurasa mara moja, akainua kichwa. "Ngoja kwanza, mkubwa. Huyu shahidi wa pili, alikuwa mtu huru siku aliyotia sahihi?"

Nilimkubalia hapo hapo. Mchezaji akishika hoja sahihi mapema, usiibadilishe hoja ili kulinda mpango wako. Unachoweza kufanya ni kumdai ushahidi. Hoja walikuwa nayo, shahidi hawakuwa naye, na hakimu wa jehanamu hasikilizi dhana. Walilazimika kumtafuta mwenye duka, wakakuta duka limefungwa, wakaelekezwa kwa mjane wake, na mjane naye alikuwa na bei yake. Safari yote niliyoiandaa ilitumika, sema kwa mpangilio mwingine.

Kesi yenyewe isiamuliwe na dadu ya pande 20. Wachezaji wamekusanya hati, wamelala njaa, wamemshawishi mjane, halafu mtu anatupa dadu, inaanguka 3, roho imepotea? Hapana. Dadu iamue kama hakimu amekasirika, kama shahidi atatetemeka, kama mlinzi wa mlango ameiona ile hati bandia. Hukumu itoke kwenye yale waliyoyaleta.

Kuna watakaotaka njia ya upanga, na ni haki yao. Kanuni inasaidia hapa: shetani akiuawa nje ya Nine Hells hafi kabisa, mwili hutoweka naye huibuka tena kwao, akiuawa ndani ya Nine Hells ndio mwisho wake. Kwa hiyo anayetaka kumuua mdai wake sharti amfuate nyumbani kwake. Bado swali la mkataba linabaki, na kulijibu ni kazi yako. Mimi huamua kwamba deni hurithiwa na mkubwa wake. Wachezaji hulalamika kidogo, kisha hugundua kwamba huyo mkubwa hana habari na mhusika wao, ana makaratasi yamejaa kabati, na pengine atawauzia deni hilo kwa kitu kidogo kuliko walivyodhani. Kampeni inapata mtu mpya wa kuzungumza naye, na hilo linapendeza kuliko ushindi wa panga peke yake.

Njia ninayoipenda kuliko zote sikuitoa kwenye kitabu chochote. Ilitoka kwa wachezaji wenyewe, na nadhani ilitoka kwao kwa sababu ni watu wa hapa. Mmoja wao alisema, "Si sisi tumdhamini?" Kila mtu anayefanya kazi Nairobi anaijua fomu ya mdhamini ya sacco: unaweka sahihi yako chini ya mkopo wa mwenzako, naye akishindwa kulipa, akiba yako ndiyo inayokatwa. Basi kikundi kikamwendea shetani na pendekezo: aiachilie roho moja, na badala yake kila mmoja aweke rehani kitu chake. Mpiga kinanda akaweka wimbo mmoja asiuimbe tena. Mpiganaji akaweka miaka kumi ya uzee wake. Mchawi akaweka nafasi moja ya kutumia uchawi wa ngazi ya 3, ikafutwa kwenye karatasi yake kwa kalamu, siyo penseli. Mwizi alitaka kuweka jina la mtu mwingine, na mjadala wa hapo ulitula saa nzima bila mimi kufungua mdomo.

Ona kilichofanyika. Roho iliyokuwa haina nambari sasa imeandikwa kwenye karatasi za watu wanne. Shetani akikubali, kubali bila hila ya dakika ya mwisho, maana wamelipa. Akikataa, awe na sababu wanayoweza kuishughulikia. Na zile rehani zifuatilie: mpiga kinanda akijisahau siku moja akaanza wimbo ule kwenye karamu, shetani anayemdai asikie.

Ikiwa mhusika amekwisha kufa na roho imegeuzwa sarafu, tumia kanuni za kitabu cha kampeni Descent into Avernus cha mwaka 2019, ni nzuri. Sarafu ya roho hufuliwa kwa chuma cha jehanamu na ina chaji 3. Ukitumia chaji moja unaweza kunyonya uhai ndani yake, au kuiuliza roho swali, nayo hujibu kweli kwa kadiri ya iliyoyajua ilipokuwa hai. Chaji zikiisha, roho inatoka. Vilevile hutoka kwa uchawi wa kuondoa laana, na ikitoka inakwenda kwenye makao yake ya baada ya kifo. Haimrukii maiti. Waambie mapema kwamba bado watahitaji almasi ya kuhani. Sehemu ya kuuliza swali ndiyo dhahabu yenyewe: mwachie mchezaji aliyekufa ajibu kwa sauti yake, kutoka ndani ya sarafu. Wenzake wanataka kumtoa, na njia rahisi ni kuzimaliza chaji, lakini mbili kati yake wanaweza kuzihitaji njiani kujinusuru kwa kumnyonya yeye yule wanayemwokoa. Nyamaza uwasikilize.

Kwa jumla, mchezaji ambaye roho ya mhusika wake imechukuliwa asikae akichezea simu. Mpe karani wa shetani amwigize, au mwenye duka la ngozi, au yule mjane. Mtu aliyetoka Rongai kwa matatu mbili hakuja kutazama wenzake wakicheza.

Kuhusu Wish, uchawi mkubwa wa kutimiza matakwa: kila mgeni hufikiri ndiyo dawa. Tazama jinsi kanuni zenyewe zilivyolishughulikia jambo hili kwenye Deck of Many Things, ile seti ya karata za uchawi. Anayetoa karata ya Void, roho yake inachomolewa na kufungwa ndani ya kitu fulani, mahali anapopachagua mwendeshaji, chini ya ulinzi. Wish haiwezi kuirudisha. Inachoweza ni kuonyesha kile kitu kiko wapi. Chukua mfano huo uutumie kila mahali: uchawi mkubwa uonyeshe njia, miguu iende yenyewe.

Na siri ya udhaifu wa shetani uifiche wapi? Fumo Liyongo hakuwezekana kwa silaha yoyote ila shaba iliyochomwa kitovuni, na adui zake hawakulijua hilo mpaka walipompata mwanawe. Wape mashetani wako watu wa karibu: mwandishi asiyelipwa, mpinzani wa cheo, mtumishi aliyenyimwa kupandishwa. Siri ikae kwa hao. Wachezaji watafika kwa kuzungumza na watu, siyo kwa kufungua kasha la kumi na moja.

Jambo la nyumbani, nalo lisikupite. Wengi tunachezea sebuleni kwa mtu, na sebule ina jikoni, na jikoni kuna mama anayesikia kijana wake akitamka kwa sauti kubwa, "Chukua roho yangu!" Kwa familia nyingi hilo halina mzaha. Majini nao, ukitaka kuipeleka hadithi yako pwani, ni imani ya watu. Mwislamu aliye mezani kwako hawaoni kama viumbe vya kubuni. Uliza kila mtu kwenye kikao cha kwanza, kabla hamjaumba wahusika, na uulize tena faraghani, kwa ujumbe wa simu, maana mbele ya watu kila mtu hujifanya hajali. Kukiwa na hata mmoja asiyetaka, shetani anunue kivuli. Au jina, mpaka hata mamake mhusika asijue amwiteje. Mkataba, mashahidi, wadhamini na safari vyote vinafanya kazi vilevile.

Siku ya kesi anzeni mapema mchana. Kuikatiza katikati kwa sababu nauli imepanda jioni kunaua joto lote.

Kuna mchezaji mmoja atakayekushangaza: yule ambaye hataki roho irudi. Wenzake wanahangaika, yeye kila mara anapata sababu ya kuchelewesha. Muulize kando. Mara nyingi amekwisha kuona mwisho wa mhusika wake na anautaka. Mruhusu. Mwandalieni karatasi mpya, na huyu wa zamani mchukue wewe, arudi baada ya vikao vichache akiwa upande wa pili wa meza ya hakimu, anawajua wote kwa majina na anajua kila mmoja aliweka nini rehani.