Kabla hujajaza ile fomu: kwa mnaoanza kazi kwa wasambazaji wa kompyuta

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye stoo na ofisi za wasambazaji wa kompyuta hapa Dodoma, kuna fomu mtaletewa, ya kueleza kama mnafuata kanuni ya maadili ya wasambazaji. Ni ndefu kuliko ya mkopo, na bosi atakwambia, "Weka ndiyo kila mahali, tumalize." Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikaweka.

Fomu hiyo ina asili yake. Mwaka 2004 kampuni kadhaa kubwa, HP, Dell na IBM zikiwemo, zilikubaliana na viwanda vinavyoziundia vifaa kuwa na kanuni moja ya maadili kwa wasambazaji, badala ya kila mnunuzi kuja na yake. Umoja wao tangu 2017 unaitwa Responsible Business Alliance. Kanuni inagusa kazi, afya na usalama, mazingira, maadili ya biashara na usimamizi, na inashuka ngazi kwa ngazi: aliyeikubali lazima amtake anayemuuzia naye aikubali. Ndivyo ilivyotufikia sisi, ambao hata kiwanda hatuna, kazi yetu kufunga kompyuta na nyaya za mtandao kwenye maofisi ya Mtumba, mji wa Serikali.

Mkaguzi wa kuhakiki tulichojaza alikuja Septemba, mama mmoja mpole. Aliomba daftari la mahudhurio, akafungua Agosti, akatulia nalo. Nikasogea nikaona anachokiona: majina kumi na moja, kila siku kaingia saa 2:00 kamili, katoka saa 11:00 kamili, mwandiko mmoja, kalamu moja ya bluu. Akaweka kidole kwenye tarehe 8. "Nane Nane mlifungua?" Siku ile vijana wote walikuwa Nzuguni kwenye maonesho, mmoja wao alirudi na miche ya zabibu. Daftari lilisema wako kazini. Na mwandiko ulikuwa wangu.

Tulichokuwa tunaficha ni saa za ziada. Wizara zikihama jengo, vijana walifanya kazi mpaka saa 5 usiku. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo niende taratibu. Kanuni inasema wiki isizidi saa 60, za ziada zikiwemo, na mtu apumzike walau siku moja katika kila siku saba. Bosi aliisoma ile 60 kama ruhusa. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema ikitofautiana na sheria ya nchi, linalofuatwa ni sharti lililo kali zaidi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Piga hesabu: 180 na 50 ni 230, gawa kwa nne unapata 57 na nusu. Kijana aliyepiga saa 60 kila wiki mwezi mzima hajavunja ile 60, ila sheria ameshavunjiwa. Tena saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Sisi tulikuwa tunalipa chipsi mayai na soda.

Hizo saa nyingi ziliandikwa kuwa kosa, tukapewa muda wa kurekebisha. Kilichotutoa jasho ni daftari. Rekodi ya kughushi huhesabiwa miongoni mwa makosa mazito kabisa, maana ukishadanganya hapo hata majibu yako ya kweli hayana wa kuyaamini. Watu wakikaa mpaka usiku, andika usiku, na kila mtu asaini mwenyewe.

Halafu kuna hela ya kuingilia kazini. Mfanyakazi hatakiwi kulipa chochote ili aajiriwe, na akiwa amelipa, arudishiwe. Nilijaza "haipo" kwa moyo mweupe kabisa. Kumbe msimamizi wa mafundi alikuwa anachukua elfu hamsini kwa kila kijana mpya, anaiita ya chai. Mkaguzi alilijua kwa kukaa na vijana peke yao, sisi wa ofisini tukisubiri nje. Kipengele hicho usikijazie mezani. Mtafute aliyeajiriwa mwisho, muulize msimamizi akiwa mbali.

Kuhusu betri za UPS, vile vifaa vya kushikilia umeme ukikatika, na bodi mbovu za kompyuta sitasema mengi: ujue anayezichukua ni nani na ana kibali gani, kwa sababu wapo wanunuzi wa chuma chakavu wanaochoma nyaya jalalani wapate shaba.

Swali lililonichekesha ni la madini yaliyomo kwenye vifaa tunavyouza na yanakotoka. Sheria ya Marekani ya 2010 ilizitaka kampuni za kwenye soko lao la hisa kueleza bati, tantali, tangsteni na dhahabu wanazotumia kama zinatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, Tanzania ikiwemo. Nikasema, sisi na dhahabu wapi na wapi? Nikaweka "hapana". Lakini chomoa kadi ya memori uitazame: vile vimeno vya njano vimepakwa dhahabu. Na hapo Sekenke, njia ya Singida kwenda Nzega, dhahabu inachimbwa tangu enzi za Mjerumani.

Fundi wa Dodoma hawezi kujua dhahabu ya bodi ilitoka shimo gani, ndiyo maana wakubwa huanza kuwabana wenye viwanda vya kusafisha madini. "Hapana" yangu ilirudi imezungushiwa wino mwekundu. Mwaka uliofuata niliandika, "Hatujui, tumemuuliza tuliyenunua kwake," nikaambatanisha barua pepe niliyomwandikia. Ikapita.