Mzuka wa nini, na bahari ipo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Mzee tajiri anakutwa ameuawa katika jumba lake kuukuu, juu ya mwamba kando ya bahari. Rafiki zangu wawili waliosoma mswada wamemtambua muuaji, yaani mkwewe, kabla ya sura ya nne. Tena wanasema jumba halitishi. Niongeze mzuka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzuka usiongeze. Kama wafu wanapenya kuta, mlango uliofungwa kwa ndani hauna maana tena, na msomaji wa hadithi za upelelezi atakitupa kitabu. Unachokitafuta ni hofu, na hofu yaweza kuwa na chanzo cha kawaida kabisa. Katika riwaya ya Mwingereza Ann Radcliffe ya mwaka 1794, binti anafunua pazia jeusi ngomeni, anazimia, nasi hatuambiwi kaona nini. Tunakuja kuambiwa karibu na mwisho: sanamu ya nta.

Nimesoma kurasa ulizonitumia. Kila unapoitaja bahari, "inanguruma". Basi. Hilo limeniuma, maana una shahidi mlangoni na hujamuuliza neno.

Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa siku 7 ni karibu saa 6 nzima. Yaani palipokuwa pakavu usiku wa manane wiki iliyopita, leo wakati uleule pamejaa. Sasa mkwe anadai alirudi kwa miguu, chini ya mwamba, usiku wa manane. Mwache adai. Njia hiyo aliipita wiki moja kabla, akakuta mchanga, akadhani kesho na keshokutwa itakuwa hivyohivyo. Mauaji yaweke usiku wa bamvua, mwezi mpevu, maji yapande mpaka kwenye mwamba wenyewe. Na katika sura ya pili mpishi ashuke kumwaga maji machafu, arudi akilalamika kuwa viatu vyake vimelowa kwenye ngazi ya tatu. Usiseme zaidi. Mpitishe msomaji haraka.

Ila kuwa mwangalifu na huo mwezi. Mimi niliwahi kuandika mwezi mpevu ukichomoza usiku wa manane. Baharia mmoja mstaafu akaniandikia kwamba mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Hadithi ilikuwa imeshachapwa, na mpaka leo sipendi kuifungua.

Kuhusu jumba kutotisha, tumia chumvi. Hewa ya bahari inakula chuma: funguo zinakwama, madirisha hayafungi vizuri, kila bawaba inalia. Halafu usiku mjane apite gizani na mshumaa, asukume mlango wa maktaba, ufunguke kimya. Aguse bawaba. Vidole vinateleza: mafuta mabichi.

Ukishaiandika upya sura ya pili, nitumie. Nataka kumsikia huyo mpishi.